Peugeot ya zamani: kagua bolti kabla ya rangi

Baiskeli ya resi ya miaka ya 1970 iliyoingia na mtumba kutoka Ulaya huuzwa rahisi kwa sababu inaonekana imekufa. Tairi zimepasuka, kromu imeota kutu, mkanda wa usukani umechanika. Hayo yote yanatengenezeka. Kinachokula pesa ni bolti zilizoganda na vipimo visivyopatikana tena, na hivyo huvioni mpaka ushike spana.

Tuchukue Peugeot UO-8 ya Ufaransa: fremu ya chuma, gia kumi (tano nyuma, mbili mbele), breki za Mafac, vibadili gia vya Simplex, krenki za kotapini (mikono ya pedali inayoshikwa kwenye ekseli yake kwa pini ya kabari). Ukiiweza hiyo, Raleigh au baiskeli ya Kijapani itakuwa nyepesi kwako.

Nenda kwa muuzaji na spana malaya na kipande cha kamba. Kwanza legeza nati ya siti, ushike siti kwa mikono miwili uizungushe. Kisha legeza bolti ya shingo ya usukani mizunguko mitatu, uigonge juu kwa kipande cha ubao ili kabari ya ndani iachie, ubane gurudumu la mbele kwa magoti na kupinda usukani. Vikizunguka, endelea. Visipozunguka, shusha bei sana au ondoka. Alumini ikikaa miaka ndani ya bomba la chuma bila grisi, hasa karibu na bahari, huota kutu nyeupe inayojaza nafasi yote, na kuitoa kunaweza kuchukua siku kadhaa za mafuta ya kupenya na nguvu.

Halafu pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, sentimita chache nyuma ya shingo ya fremu. Ukisikia kivimbe au ukaona rangi imepasuka kama uzi mwembamba, baiskeli hiyo iligonga kitu. Iache. Mwisho funga kamba kutoka shingoni, izunguke nyuma inapokaa ekseli na kurudi shingoni, upime umbali wa kila upande hadi kwenye bomba la siti. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda.

Sasa tairi, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ukisema dukani unataka tairi ya “28” unaweza kupewa ya baiskeli nyeusi ya mizigo, ile ya 28 x 1½. UO-8 nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zina ringi za inchi 27. Baiskeli za resi za baadaye zina 700C. Tatu hizi zinafanana kwa macho, lakini kipenyo cha ringi pale tairi inapokaa ni milimita 635, 630 na 622. Tairi ya 635 juu ya ringi ya 630 itakaa vizuri mpaka uijaze upepo, kisha itaruka. Usiamini maneno ya muuzaji. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 32-630. Namba ya pili ndiyo ya kuamini.

Kama ringi ni za chuma chenye kromu, ujue kwamba zikilowa breki hazishiki, hata ufunge viatu vipya. Kwa anayeendesha msimu wa mvua, mimi naona magurudumu ya alumini ya 700C yana thamani kuliko rangi yoyote mpya. Viatu vya breki vitashuka milimita 4 tu, na mikono mirefu ya Mafac inafika. Ila pima nafasi ya nyuma, kati ya pande mbili za fremu inapokaa ekseli: fremu ya gia tano ni milimita 120, na habu (kitovu cha gurudumu) ya kisasa ya 130 haiingii bila kupanua fremu.

Ukibaki na gurudumu la zamani, toa friwili (meno ya gia za nyuma) kabla ya kukata spoku hata moja. Bila ringi ya kushika huna nguvu ya kuifungua tena, na habu nzuri inakuwa chuma chakavu.

Kotapini usiipige nyundo hivi hivi. Pigo lote hupita kwenye gololi na kutoboa vishimo kwenye vikombe vinavyozishikilia ndani ya fremu. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, weka kipande cha bomba upande wa kichwa cha pini ili kiwe na pa kutokea, kisha bana vyote kwenye jiliwa. Pini za Ufaransa ni milimita 9, za Uingereza 9.5, kwa hiyo chukua ya zamani kama sampuli. Unapofunga, pini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja.

Vikombe vya krenki ndiyo mtego mkubwa wa Mfaransa. Baiskeli ya Kiingereza, kikombe cha kulia hufunguka kwa mwendo wa saa. Cha Kifaransa hufunguka kinyume cha saa. Peugeot za baadaye nyingine zina thredi ya Uswisi, yenye kipimo kilekile cha Kifaransa, 35 x 1 (kipenyo milimita 35, nafasi kati ya thredi milimita 1), lakini kikombe cha kulia kikifuata Kiingereza. Fundi akikosea upande na kutumia bomba refu, thredi ya fremu imekwisha. Ushauri wangu: kikombe cha kulia kikiwa laini ndani, kiache hapohapo. Fungua cha kushoto, ambacho kwa zote ni kinyume cha saa, safisha kwa mafuta ya taa, weka grisi mpya na gololi 11 za robo inchi kila upande.

Simplex ya plastiki hupasuka kwenye bolti yake kwa uzee. Usiipigie magoti. Kibadili gia kipya chenye bati lake la kushikia kwenye ekseli hufunga bila kugusa fremu, na leva za zamani zisizo na hatua hukubali karibu chochote.

Waya za breki omba zenye kichwa cha umbo la pea. Zile za kichwa cha pipa ni za baiskeli za milimani. Kromu isugue kwa karatasi ya alumini iliyolowa maji.

Baada ya kilomita 20 za kwanza, kaza nati za kotapini tena. Zitakuwa zimelegea.