Mguu wa Mkwezi

Babu yangu alikwea minazi peku mpaka umri ulipomkataza. Nikiwa mdogo, kule shambani nje kidogo ya mji wa Malindi, nilizoea kusimama chini ya mnazi nikimtazama akipanda, na kilichoonekana vizuri kutoka kule chini kilikuwa nyayo zake: pana, nyeusi, visigino vimepasuka, vidole vimeachana kama vya mkono. Alitia ncha ya mguu ndani ya kidato, ule mkato unaochongwa kwa panga kwenye shina la mnazi, akajinyanyua bila haraka, akatafuta kidato kingine. Watoto wa siku hizi wakisikia kidato wanafikiria darasa la shule ya upili. Neno hilo sisi tunalijua mnazini.

Miguu ile nimeirithi mimi. Baba hakuipata, yeye ana mguu mwembamba wa upande wa bibi. Mimi nilipewa kila kitu: mbele pana, kidole gumba na cha pili urefu sawasawa, kidole kidogo kimejitenga kando, na nyuma kisigino chembamba. Kwa kuwa nilikua na ndara na makubadhi, nilifika miaka ishirini na kitu bila kujua kwamba nina mguu wa namna yake. Kubadhi haliulizi vidole vyako vimekaaje.

Nilikuja kujua mwaka 2018, Naivasha.

Binamu yangu anayefanya kazi Nairobi alikuwa ameingia katika mchezo wa kukwea majabali kwa kamba, akaniita. "Wewe mjukuu wa mkwezi," akaniambia kwenye simu, "hebu njoo utuoneshe." Nikapanda treni Miritini, nikalala kwake, na Jumamosi alfajiri tukashika njia ya Hell's Gate, hifadhi iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha. Ukishaingia langoni hukawii kuiona nguzo ya mwamba imesimama peke yake, urefu wake kama mita 25. Inaitwa Fischer's Tower. Ni koo la volkano ya kale: ule uji wa moto uligandia ndani ya koo, kisha mlima laini uliouzunguka ukamomonyoka miaka na miaka, ukabaki moyo wake mgumu, umejaa nyufa za kusimama wima. Pimbi walikuwa wanaota jua chini yake. Nilipoiona nilifurahi sana. Nilijiambia, huu ni mnazi wa mawe.

Viatu vya kukwea sikuwa navyo. Binamu alikuwa ameniazimia jozi namba 40, na mimi mjini navaa 42. Aliambiwa na waliompa kwamba kiatu cha kukwea hushushwa namba mbili, na kwamba kisipouma basi si chenyewe. Kilikuwa kiatu cha kufunga kwa velkro, kimepinda kuelekea chini kama ndoana, ncha yake yote imeelekezwa kwenye kidole gumba. Nilikivaa kwa kuvuta na kusukuma. Vidole vikajikunja, kile kidogo kikapandishwa juu ya mwenzake. Lakini nyuma, kwenye kisigino, kiatu kilekile kilikuwa kinapwaya hata nikaweza kupenyeza kidole cha mkono. Mbele nabanwa, nyuma naelea. Nilimwambia binamu. Akasema vumilia, ndivyo vilivyo.

Katika ufa wa jabali, mguu unaingizwa kwa ubavu, vidole vimelala bapa, kisha unauzungusha kidogo ili ukwame, na hapo ndipo unaposimamia. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimefanya ngumi. Ngumi haiingii kwenye ufa. Nikisukuma kwa nguvu iliingia nusu, na nilipozungusha mguu maumivu yalinipanda mpaka gotini. Nikawa najishikilia kwa mikono tu, jambo ambalo babu hakulifanya hata siku moja. Nilifika kama mita sita. Mikono ikaisha, nikashushwa. Mara ya pili sikufika hata hapo, kwa sababu kisigino kilichomoka nilipojaribu kusimama, nikaning'inia kwenye kamba.

Usiku ule ukucha wa kidole gumba ulianza kuwa mweusi. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa ukucha. Nilirudi Malindi nikiamini kwamba jabali limenikataa, kwamba kile alichokuwa nacho babu hakikunifikia. Sikumwambia mtu. Binamu aliponipigia kuniuliza nitarudi lini, nikasema nina kazi nyingi.

Sikwenda kwa fundi viatu kwa ajili ya kukwea. Nilikwenda kwa sababu gidamu ya kubadhi langu la kulia ilikuwa imekatika. Fundi huyu ana kibanda chini ya mwarobaini, kando ya njia ya kwenda sokoni, na amemshonea babu yangu viatu vya Idi kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidole kimekanyagwa na nini?"

"Hakikukanyagwa. Ni kiatu."

Akaiweka sindano chini. "Kiatu gani kinachomfanya mtu hivi?"

Nikamweleza, nikamwonesha na picha kwenye simu. Fundi hakuwahi kukiona kiatu cha namna ile, lakini maswali aliyouliza hakuna aliyeniuliza Nairobi. Soli yake ni ya nini? Mpira. Mpira kama wa akala? Nikamwambia hapana, ni laini kuliko huo, unanata, unene wake milimita nne hivi, na unalika upesi. Akachukua kipande cha tairi alichokuwa akikatia akala, akakikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuacha alama. "Huu umetengenezwa udumu," akasema. "Huo wenu umetengenezwa ushike." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini mpira haukwei. Mguu ndio unaokwea. Mguu ukifa ganzi humo ndani, mpira utashika kwa amri ya nani?"

Akachukua kubadhi langu lililokatika gidamu, akaligeuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimelivaa miaka mitatu na sikuwahi kulitazama. Juu ya ngozi palikuwa na picha nzima ya mguu wangu: vishimo vitano vyeusi vya vidole, viwili vya kwanza vimepangana mstari mmoja, cha tano kimetoka nje hadi kwenye mshono, chini yake doa pana la mbele ya wayo, halafu katikati karibu patupu, halafu kisigino, kiduara kidogo, chepesi. Fundi akakipitisha kidole kwenye picha ile polepole.

"Huu ni mguu wa babu yako," akasema.

Nilihisi kitu kimenikaba kooni.

Akaniambia nirudi baada ya alasiri. Nikamuuliza kwa nini si sasa hivi, na mimi nipo na mguu upo. "Mguu wa asubuhi ni mwongo," akajibu. "Ngoja utembee, ngoja joto likuingie, uvimbe kiasi chake. Huo wa jioni ndio utakaokwea nao." Nimekuja kusikia ushauri huohuo kwa wakwezi wazoefu, kwamba kiatu kijaribiwe mchana mguu ukishapanuka. Fundi hakuhitaji kuambiwa na mtu. Joto la Malindi lilimfundisha.

Nilirudi saa kumi na nusu. Alikuwa amepasua mfuko wa saruji, akautandika ule upande safi wa karatasi ya kaki juu ya ubao. Akanimwagia maji miguuni, akaniambia nisimame kwa uzito wangu wote, nisijiinue, nisijibane. Akachora kuzunguka kila mguu, penseli imesimama wima, hailali. Kisha akachukua uzi, akauzungusha pale mbele ya wayo palipo papana, akafunga fundo; akauzungusha tena kwenye kisigino na kupanda kifundoni, akafunga fundo la pili. Mguu wa kushoto ukawa mpana kuliko wa kulia. Hilo nalo sikulijua.

"Namba inapima urefu," akasema. "Wewe urefu huna tabu. Tabu yako ni hapa na hapa." Akaonesha fundo la kwanza, akaonesha fundo la pili. "Kiatu ulichopewa kimeshonwa kwa mtu ambaye gumba ndilo refu, vingine vinashuka kama ngazi. Wewe mbele yako ni jembe. Ukilitia jembe kwenye ala ya kisu, ukanunua ala ndogo zaidi, jembe litakuwa kisu?"

Nikamuuliza basi nichukue namba kubwa. Akakataa. Kikubwa kitanipa nafasi mbele, sawa, lakini kisigino kitazidi kupwaya na mguu utakuwa unateleza humo ndani. Nitafute kiatu kipana mbele na chembamba nyuma, na kiwe cha kamba, ili niweze kulegeza huku na kukaza kule. Kiwe cha ngozi, kwa sababu ngozi husikia mguu. Na kisiwe kimepinda. Kiwe bapa, vidole vilale. Wanaovaa vile vya ndoana wana kazi yao, wanakwea penye mwamba uliolala kichwani kama paa, ambapo kidole kinahitaji kuvuta. Kwa nyufa za wima na kusimama muda mrefu, ndoana ni adhabu. Hili la mwisho ni langu, nimelijua baadaye.

Alitaka kujua nani alianza kutengeneza viatu hivi. Nikatafuta palepale kwenye simu, nikamsomea: Mfaransa, Pierre Allain, miaka ya 1930, akikwea mawe ya msitu wa Fontainebleau karibu na Paris, alianza kujaribu viatu vyepesi vya soli ya mpira badala ya mabuti mazito. Wakwezi wa milimani kabla yake walipigilia misumari chini ya buti. Fundi akatikisa kichwa. "Kumbe naye alianza na mguu wake," akasema, akaendelea kukunja karatasi.

Karatasi ile, pamoja na nyuzi zenye mafundo, niliituma kwa basi kwenda Nairobi. Binamu alidhani ni mzaha, kisha akaacha kudhani. Alizunguka nayo wiki tatu. Kila kiatu alichokiona alikiweka juu ya mchoro, soli kwa wayo, akanipigia. Hiki kimechongoka. Hiki kipana lakini ni cha nguo, hakitatanuka hata nikivae mwaka. Hiki kizuri lakini kisigino kama ndoo. Mwishowe akapata jozi iliyotumika, kwa mkwezi aliyekuwa anahama nchi: ngozi, ya kamba, bapa, namba 41 na nusu, soli imebadilishwa mara moja. Ikateremka Malindi kwa basi, imefungwa ndani ya gazeti.

Cha kulia kiliingia na kutulia. Vidole viligusa mbele bila kukunjika, kisigino kikashikwa pande zote. Nilikaa nacho tu kwenye mkeka, nikikitazama. Cha kushoto kilibana kidole kidogo.

Fundi hakushangaa, alikuwa na uzi. Alichukua kalibu ya mbao, lile umbo la mguu la kushonea viatu, akagandisha kipande cha ngozi pale pale penye mfupa wa kidole changu kidogo, akaunyevusha mwili wa kiatu kwa ndani kwa kitambaa kibichi, akaipachika kalibu kwa ngumi. Nikamuuliza kama atakianika. "Jua litalegeza gundi ya soli. Kitakaa kivulini siku mbili." Siku mbili hizo nilipita pale mara nne. Alinitoza shilingi 150, na gidamu ya kubadhi akanisamehe.

Nilivipeleka kwa babu kwanza. Alikuwa hatembei mbali tena, anashinda barazani. Alivipapasa, akabonyeza soli, akanusa mpira. Kisha akanyoosha mguu. Nikapiga goti, nikalegeza kamba mpaka mwisho, nikamvalisha. Mguu wa miaka themanini na kitu, ambao sikuwahi kuuona ndani ya kiatu zaidi ya siku za Idi, ukaingia hadi kisiginoni.

"Mawe hayo," akauliza, "vidato vyake anachonga nani?"

"Hayana vidato, babu. Yana nyufa."

Akafikiri. "Basi usiangalie juu. Angalia mguu unapokwenda."

Mwezi uliofuata nilisimama tena chini ya ile nguzo, binamu ameshika kamba. Nilitia mguu wa kulia kwenye ufa, vidole vimelala, nikauzungusha. Ukakwama. Nikasimama juu yake, mikono imepumzika, kama mtu aliyesimama mlangoni kwake. Kisha wa kushoto. Sikuangalia juu. Pale mita ya sita pana alama ya kutu kwenye mwamba niliyoikumbuka, nikaipita.

Kule juu kabisa kuna upepo mwingi. Nilikaa chini, nikalegeza kamba za kiatu cha kushoto, nikautoa mguu. Kidole kidogo kilikuwa mahali pake, hakina hata wekundu. Nikaupiga picha, nikamtumia kijana wa fundi, kwa kuwa mzee simu yake ni ya kubonyeza. Haikupita dakika tano simu ikalia, ni fundi mwenyewe anatumia simu ya mwanawe, hata salamu hakutoa.

"Na kisigino?"

"Kimekaa, fundi. Kimekaa."