Kiti cha waipa mbili

Jumapili, saa nne usiku

Mjomba ameondoka sasa hivi. Mota ya kushoto bado ina joto, ukiigusa inaunguza kidogo, maana tumeitumia tangu alasiri. Naandika kabla usingizi haujanichukua, kwa sababu saa tatu za leo zimenifundisha kuhusu kiti hiki kuliko miezi yote tangu Januari.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: natengeneza kiti cha kuchezea michezo ya mbio za magari, kinachoinama na kulala pamoja na gari la kwenye skrini. Siti ni ya Vitz, ya mtumba, niliipata Ilala. Chini yake kuna krosi jointi ya propela, kiungo kinachopinda pande zote, imechomelewa juu ya fremu ya skwea paipu. Nyuma, kulia na kushoto, zimekaa mota mbili za waipa. Zikisukuma juu kwa pamoja, kiti kinainama mbele. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, kinalala upande. Basi, miendo miwili tu. Mashine kubwa za kufundishia marubani zina sita.

Waipa nilizichagua kwa sababu zipo kila mahali na bei yake inabebeka. Tena gia zake ni za aina ambayo mota inauzungusha mkono unaosukuma kiti, lakini mkono huo hauwezi kuizungusha mota. Umeme ukikatika, kiti kinabaki pale pale kilipo, hakimwangushi aliyekikalia.

Fundi wa Gerezani aliyenichomelea fremu aliniuliza mara mbili kama ni kiti cha mgonjwa. Nilipomweleza alikaa kimya, akaizunguka fremu, kisha akaongeza vipande vinne vya kukaza pembeni ambavyo sikuwa nimevichora. "Hiki kitu kitacheza," alisema, na hakunitoza hata senti kwa vile vipande. Mwezi wa tano ndivyo vilivyoiokoa fremu.

Siku hiyo nataka niieleze vizuri, maana kuna mtu huenda anatengeneza chake. Kila mota ina potentiometa, kipimo kinachoiambia bodi ya Arduino, kompyuta ndogo inayoongoza mota, mkono wa mota uko wapi, kwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Katikati ni 512. Waya wa volti 5 niliulehemu vibaya, ukakatika nikiwa nimekaa. Bodi ikasoma 0, ikaamini kiti kimezama chini kabisa, ikaamuru mota isukume kwa nguvu zote. Mota ikasukuma, namba haikubadilika, ikaendelea kusukuma. Mkono ulipanda ukapita kileleni, ukapinda boliti ya milimita 10, nami nikatupwa ukutani, bega likachubuka. Bega halikunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni kwamba wiki ile ile mwanangu wa miaka sita alikuwa ameniomba akikalie.

Tangu siku hiyo kuna swichi nyekundu ya dharura karibu na mkono wa anayekaa. Inakata umeme wa mota moja kwa moja, bila kupitia programu yoyote. Bodi nayo, ikisoma chini ya 50 au zaidi ya 970, inazima kila kitu. Tafadhali, anza na swichi hiyo kabla hujaweka hata siti.

Sasa nirudi kwenye ya leo.

Kiti hiki hakiendi popote. Kazi yake yote ni kuliaminisha sikio la ndani, lile linalohisi mwendo na usawa wa mwili. Sikio halitofautishi kati ya mwili unaosukumwa mbele na breki, na mwili ulioinamishwa mbele ukavutwa na uzito wake wenyewe. Ukikiinamisha digrii 10, asilimia 17 hivi ya uzito wako inakuvuta mbele, na macho yakiona gari linapunguza mwendo, ubongo unakubali kuwa hiyo ni breki. Sharti ni kwenda taratibu. Ukikiinamisha ghafla sikio linagundua kwamba umezungushwa tu, na hapo ndipo watu wanapopata kichefuchefu. Huwa namkumbuka Edwin Link, aliyejenga mashine yake ya kufundishia marubani mwaka 1929 huko Binghamton, New York, katika kiwanda cha vinanda cha baba yake. Aliiendesha kwa mivukuto ya vinanda, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mimi nilichonacho ni waipa.

Haya yote niliyajua, na bado kila wiki nilikuwa naongeza. Nilitaka kila kona initupe. Nikaona mtetemo mchafu kwenye namba zinazotoka kwenye mchezo, nikapandisha ulainishaji ndani ya programu, yaani kuzisawazisha namba zisirukeruke, mpaka kiti kikawa kinacheza kama mtumbwi, kikubwa na laini.

Mjomba alikuja kutusalimia baada ya adhuhuri. Alikuwa utingo wa malori ya Dar hadi Tunduma kwa miaka 14, na leseni hakuwahi kukata. Miaka yote hiyo alikaa upande wa kushoto. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakiona kiti, akaketi bila kuuliza.

Sikumwekea rali. Niliweka Euro Truck Simulator 2, upande wa Uingereza ambako magari yanapita kushoto kama kwetu. Usukani niliufungua nikaufunga mezani, nikaendesha mimi. Yeye akafumba macho.

Dakika kumi hakusema neno. Kisha: "Mpwa, hili lori halina gia."

"Lina gia 12, mjomba. Sasa hivi nimepanda ya nane."

"Mimi sijaisikia."

Nikamwomba anieleze. Akasema kule mlima Kitonga, usiku, yeye alikuwa analala kabisa. Dereva akishusha gia, lori linasita kidogo, kifua kinakwenda mbele kiasi cha vidole viwili, kisha linavuta tena. Hapo anaamka. Si kelele ya injini inayomwamsha, anasema, ni ule msito. Akiusikia mara ya pili anashika gogo, kwa sababu lori likishindwa kupanda, yeye ndiye wa kuruka chini na kuliweka gogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. "Ukiukosa huo, umeua watu."

Nilikwenda kuangalia namba, na kweli. Mchezo ulikuwa unautoa ule msito, unaonekana kabisa kwenye grafu, jino dogo kila gia inapobadilishwa. Ulainishaji wangu ulikuwa unaumeza wote. Na hata ungepita, kiti kilikuwa kinayumba kwa upana mkubwa kiasi kwamba kitu cha vidole viwili kisingesikika ndani yake.

Tukaanza kupunguza. Mlalo wa kona kwenye programu kutoka 100 hadi 60, hadi 40. Kila mara alikuwa anasema "bado," macho yamefumbwa, mikono juu ya mapaja. Nilipogusa breki akanisahihisha na hapo: lori lenye mzigo likisimama kabisa, kichwa kinarudi nyuma mara moja, na kiti changu kilikuwa kinarudi polepole kama mlango wa benki. Nikaongeza ukali wa bodi, yaani kasi ya kuitikia, kidogo kidogo. Nilipozidisha, kiti kikatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, nikarudisha.

Magharibi ilipoingia tulikuwa kwenye mwinuko, tani 20 nyuma. Kiti kilikuwa kimetulia, mtu akiingia chumbani asingejua kama kinafanya kazi. Nikashusha gia, na mjomba hakusema kitu. Nikashusha tena. Mkono wake wa kushoto ukaondoka kwenye paja, ukaenda hewani, pale ambapo ungekuwepo mlango.

Namba za leo nimeziandika kwa maka peni kwenye fremu: mwinamo 35, mlalo 30, ulainishaji 12. Za zamani nimezipiga mstari. Jumamosi anarudi, na ameniagiza nitafute mzigo mzito zaidi.