Vile nilifunza Bobi kufuata damu

Hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo hii si stori ya uwindaji. Binamu yangu alifanya kazi Uskoti kwa shamba moja ambako watu hupiga kulungu kwa ruhusa, na mnyama akikimbia na kidonda wanaleta mbwa afuate damu mpaka apatikane asiteseke kichakani. Mi nilidhani ni mbwa wakubwa, kumbe wengine ni teria, mbwa wadogo wa kuwinda kama Bobi wangu, Jack Russell, na huyu alikua anakaa tu Ruai akibwekea bodaboda. Nikasema lazima ajue kazi.

Damu ya mbuzi nilitoa Kiamaiko, kwa machinjio ya mbuzi Nairobi, nikaikoroga isigande, nikatia kwa chupa ya soda na kutoboa kifuniko na msumari. Siku ya kwanza nilimwaga nusu lita kwa mita 50 na Bobi akachanganyikiwa kabisa, anabweka, pua iko juu, kona anazipita mbio. Teria ana moto tayari, ukimpa damu nyingi unamuongezea. Wajerumani kwa mtihani wao wa mbwa wa kufuata damu ni robo lita kwa mita 1,000, tena njia inalala masaa 20 kabla mbwa afike. Nikapunguza, tone moja kila hatua kadhaa, nikamvalisha mkanda wa kifuani na kamba ya mita 10, na mwisho wa njia anapata kwato ya mbuzi.

Kosa la pili lilinikula miezi 2. Siku moja damu iliniishia katikati, nikatembea tu hadi mwisho nikaweka kwato, na Bobi akafika bila shida yoyote! Alikua ananifuata mimi, si damu. Kule Ulaya kuna viatu vya kufungia kwato chini, basi nikafunga kwato za mbuzi kwa gamubuti zangu na jirani akawa ndo anapita badala yangu. Tukaanza upya.

Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, shosho wa ploti ya pili akaniita langoni, "Mwanangu, leta hako kambwa kako, mbuzi yangu imeumwa na mbwa koko usiku na siioni." Kwa ua kulikua na manyoya na matone machache. Bobi akashika njia pole pole, nikafurahi sana, lakini kwa mtaro maji yalikua yamepita na akapoteza. Mi nilikua na uhakika mbuzi imeenda upande wa barabara, nikamvuta huko, akakataa, amekaza miguu kabisa. Nikalegeza kamba. Akazunguka mara mbili, akarudi nyuma, akapita chini ya mabati ya mtu hadi kwa mahindi, na mbuzi ilikua imelala hapo, paja limeraruliwa, inapumua.

Daktari wa mifugo akaishona, shosho akaishika kichwa muda wote. Mi sikua na kwato mfukoni, Bobi akapewa maziwa ya shosho.