Maneno ya penseli

Ijumaa, saa tatu usiku

Leo nimefikisha rekodi ya 612, yaani kitabu cha 612 kuingizwa kwenye kompyuta ya maktaba. Nimeiandika namba hiyo kwenye daftari, nikazima kompyuta, nikatoka nje kusubiri bajaji huku macho yakiwa bado yanaona mistari ya kwenye skrini kila nikiyafumba.

Wiki tisa zilizopita sikujua Koha, programu ya kompyuta ya maktaba, ni nini. Nilichojua ni kadi za katalogi, kila kitabu na kadi yake. Nilizisomea Bagamoyo, chuo cha ukutubi, mwaka 1997: kupiga taipu bila kufutafuta, kuacha nafasi inayotakiwa, jina la mwisho kwanza, mkato, ndipo jina lake. Tangu nije hapa Tanga nimeishi na zile droo za mbao. Umeme ukikatika naweza kupapasa nikaivuta ninayoitaka. Kwa hiyo tulipoambiwa katalogi inahamia kwenye kompyuta, na kwamba mimi ndiye wa kuihamisha, siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nina miaka hamsini na mbili. Kuonekana mgeni katika kazi niliyoifanya tangu ujanani kuliniogopesha kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Aliyekuja kunifundisha ni kijana aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo, umri wa mwanangu wa pili. Alinisalimu, nikamwitikia, akavuta kiti. "Mama, bofya popote unapotaka. Ukiharibu tutarudisha." Namshukuru kwa sentensi ile. Hakuwahi hata siku moja kuninyang'anya kipanya ili afanye haraka mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya namba tu. Kila taarifa ya kitabu ina fildi yake, yaani nafasi yake yenye namba: 100 ni mwandishi, 245 anwani (jina la kitabu), 250 toleo, 300 idadi ya kurasa na kimo, 650 mada. Niliziandika kwenye kipande cha boksi nikakiegemeza kwenye skrini. Siku ya tano nikagundua kwamba ni mambo yaleyale ya kadi. Lile ambalo kadi ilikuonyesha kwa kuliandika juu kushoto, kompyuta inaambiwa kwa namba. Mfumo huo, MARC, ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na aliyeuongoza ni mwanamke, Henriette Avram. Yeye hakuwa mkutubi. Alitoka kwenye kuandika programu za kompyuta, ukutubi akaujifunza kazini, kwa kuwauliza waliokuwa wakiufanya. Nimekuwa nikimfikiria sana. Yeye alipita njia hii akitokea upande wa pili, na naamini naye kuna jioni alirudi nyumbani kichwa kinauma.

Kisha nikafundishwa jambo lililonifanya nisimame kitini. Huna haja ya kuandika kila kitabu upya. Unaweka anwani au ISBN, ile namba ya kitabu inayochapwa nyuma ya jalada, unaiambia Koha ikaulize maktaba nyingine, na rekodi inakuja imekamilika. Nilijaribu kwa riwaya ya Kiswahili iliyochapwa Dar es Salaam, jalada limechakaa. Rekodi ikaja kutoka Washington! Sikuelewa riwaya yetu ilifikaje kule, mpaka nikakumbuka kwamba ile Maktaba ya Bunge ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake kukusanya machapisho ya nchi zetu. Kuna watu wamekuwa wakinunua vitabu vyetu vya Kiswahili na kuvipeleka kule muda wote huo, kijitabu kwa kijitabu. Siku ile nilihamisha vitabu thelathini na nne. Kwa taipu ningefanya vinane.

Tulianza na mkusanyiko wa Kiswahili, herufi kwa herufi. Droo ikiisha, kadi zake zinaingia kwenye kiroba, kiroba kinakwenda stoo. Makubaliano yalikuwa kwamba viroba vikijaa viuzwe kama karatasi chakavu. Karatasi ya idhini niliisaini mwenyewe.

Wiki ya tano, nikiwa nimemaliza herufi M, na rekodi 412 ndani, akaingia msichana wa kidato cha tatu. Alikuwa na kazi ya shule kuhusu uvuvi na majira ya upepo. Nikamkalisha kwenye kompyuta ya wasomaji kwa furaha, maana alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuitumia. Akaandika "kaskazi". Hakuna kilichopatikana. Akaandika "kusi". Hakuna. Akaniangalia.

Nilijua kitabu kipo. Ni kijitabu cha kurasa 32, tenzi za mwalimu mmoja wa madrasa kuhusu safari za mashua, kaskazi inavyoingia na kusi inavyochafua bahari. Hakina ISBN, hakina mwaka. Nikaenda rafuni moja kwa moja, kwenye namba 896.3921 ya ushairi wa Kiswahili, nikamletea. Alikisoma palepale mpaka tunafunga.

Mimi nikabaki na swali. Nimekijuaje? Anwani ya kijitabu kile haitaji upepo. Nikaenda stoo, nikafungua kiroba cha H, nikaitafuta kadi yake. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa bi mkubwa aliyekuwa hapa kabla yangu: *Wakiuliza kitabu cha pepo, kaskazi, kusi, mambo ya mashua, ni hiki.*

Nikakaa chini juu ya kiroba. Nikatoa kadi nyingine, na nyingine. *Wazee wanakiita kitabu cha mzimu.* *Hiki kina dawa ya tumbo, ukurasa wa 40.* *Mwandishi ni mtu wa Pangani, watoto wake wapo.* *Walimu wa darasa la nne wanakitaka kila Februari.* Miaka na miaka ya maneno ya wasomaji, kama walivyoyatamka wakiwa wamesimama kaunta. Nilikuwa nimeyaona kila siku mpaka nikaacha kuyaona. Wakati wa kuhamisha nilinakili yaliyopigwa taipu, penseli nikairuka, kwa sababu kwenye ile fomu ya skrini hakukuwa na mahali palipoandikwa "penseli". Na rekodi za Washington, pamoja na uzuri wake, mada zake ni za Kiingereza. Kijitabu kile pale kwenye 650 nilikiwekea *Swahili poetry*, nikaona nimemaliza. Mtoto wa Chumbageni atakitafutaje kwa maneno hayo?

Asubuhi nikamweleza kijana. Hakucheka. Akafikiri, akasema, "Mama, jaribu 653." Hiyo ni fildi ya maneno huru, yasiyotoka kwenye orodha yoyote rasmi. Unaweza kuandika kaskazi. Unaweza kuandika mzimu. Msomaji akitafuta, Koha inayasoma kama inavyosoma mengine. Na yale yanayohitaji sentensi nzima yanaingia kwenye 500, fildi ya maelezo. Mahali palikuwapo siku zote, ila sikuwa nimeuliza.

Basi nikarudi mwanzo. Nikavirudisha viroba kutoka stoo, nikaanza A upya, kadi mkono wa kushoto, kibodi mkono wa kulia. Nilipofika kwa Shaaban Robert nilitumia nusu siku nzima, na siijutii. Kanuni inamtaka aandikwe *Robert, Shaaban, 1909-1962*, naye ni mtu wa hapahapa Tanga ambaye sijawahi kumsikia msomaji akimuulizia kwa jina la Robert. Watu huandika Shabani, Shaban, Shaabani bin Robert. Kumbe kila mwandishi anaweza kuwa na rekodi yake ya jina, na humo, kwenye fildi 400, unamwekea majina mengine yote anayoitwa. Kuna mpangilio mmoja wa kuwasha ili utafutaji uyafikie, kisha faharasa ijengwe upya. Kijana aliufanya jioni. Asubuhi nikaandika "Shabani", herufi a moja tu, vitabu vyake vikajipanga mbele yangu. Nusura nilie. Karibu waandishi wote wa pwani wana shida hiyohiyo, maana jina la pili ni la baba, si la ukoo, na sisi hapa tunamtaja mtu kwa jina lake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Kiroba cha M hakikuwapo. Ndicho kilichokuwa karibu na mlango, na mnunuzi wa karatasi alishapita wiki ile kwa idhini ile niliyosaini. Nimezunguka kwa wauza karanga wa stendi na wa sokoni. Mmoja alinipa kadi mbili, zimelowa mafuta, penseli bado inasomeka. Nyingine sikuziona.

Rekodi zake zipo, vitabu vipo. Maneno ndiyo yaliyokwenda. Na M kwenye pwani hii ndiyo herufi yenye watu: kina Mohamed, Mwinyi, Mbaruku, Mzee, Mtumwa. Nimeitoa orodha kutoka Koha, vitabu 143.

Kitu kimoja kimenipa nguvu wiki hii. Kijana alinieleza jina Koha linakotoka. Programu yenyewe ilitengenezwa Nyuzilandi mwaka 1999, kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Waliitoa bure, yeyote aitumie na kuirekebisha. Neno ni la Wamaori, na maana yake ni zawadi, ila zawadi ambayo aliyepokea naye atakuja kutoa. Nilimwambia hilo huku kwetu tunalijua. Mwezi wa Ramadhani jirani akikuletea sahani ya futari, unaiosha, na siku ya kuirudisha unaweka kitu ndani yake, hata kama ni kaimati tano.

Tangu aniambie nimekuwa nikiitazama fildi 040. Hiyo inasema nani aliandika rekodi. Zile nilizochukua zina alama ya Washington. Ile ya kijitabu cha tenzi niliiandika yote mimi, kwa sababu kila maktaba tuliyoiuliza haikuwa nacho, na 040 yake ina alama yetu. Sasa nimeijaza: kaskazi, kusi, mashua, pepo, nahodha, maneno ya bi mkubwa yote. Na kijana ameifungua seva yetu nayo iweze kuulizwa. Maktaba yoyote ikikihitaji, itachukua kwetu.

Jana jioni nikampigia bi mkubwa mwenyewe. Yuko Pangani tangu astaafu, macho si mazuri lakini kumbukumbu ni ileile. Nilimweleza kila kitu, hata karatasi niliyosaini. Nilitegemea anikaripie.

"Droo gani iliyopotea?" akauliza.

"Ya M, bi mkubwa."

Akanyamaza. Nikasikia redio nyumbani kwake, na kuku.

"Njoo Jumapili na hiyo orodha," akasema. "Uje mapema, mwanangu. M ni wengi."