Chenso niliyoitoa Dar ilivyonisumbua Njombe

Chenso yangu, yaani msumeno wa injini, niliinunua Dar es Salaam, ndogo, ya baa (upanga unaobeba cheni) ya inchi 14. Waliiwasha mbele ya duka ikalia safi. Nikapanda nayo basi hadi Njombe, maana nilikuwa na safu ya milingoti (mikaratusi) iliyokuwa inalitia kivuli shamba langu la parachichi.

Shambani mambo yakabadilika. Ukiipa moto, yaani ukibana kifyatuo cha mafuta, inagugumia, moshi tele, ikigusa gogo inazima. Nikatoa plagi, nyeusi na imelowa. Nikaweka mpya, na siku mbili baadaye ni yale yale. Hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloomba mwenzangu asilirudie: nilipunguza oili kwenye petroli nikidhani ndiyo inayoleta moshi. Kumbe injini ya aina hii haina oili nyingine ndani. Hiyo unayochanganya, mililita 100 kwa lita 5 za petroli, ndiyo inayolainisha pistoni. Nashukuru niliacha mapema.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu. Hii umeitoa wapi?”

“Dar.”

“Basi bado imepimiwa hewa ya Dar.”

Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta iliyopimiwa pwani inaendelea kumimina petroli kama iko pwani, mafuta yanaizidi hewa, plagi inalowa.

Nilitegemea achukue bisibisi papo hapo. Hakuchukua. Alifungua chujio la hewa kwanza, limeshonana vumbi la mbao. Tukalifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likakauka kabisa. Akanoa cheni kwa tupa ya duara, kila jino mikwaruzo mitatu, upande mmoja kisha wa pili. Alisema ukipima kabureta huku chujio limeziba, umepimia uchafu.

Ndipo tukaiwasha ikapata moto vizuri. Skrubu ya L ya kabureta, inayopimia petroli ya mwendo mdogo, aliizungusha polepole hadi mngurumo wa sailensa (injini ikiwaka bila kupewa moto) ukapanda kabisa, kisha akairudisha kushoto kidogo. Ile ya T, ya kasi ya sailensa, akailegeza mpaka cheni ikasimama tuli. Cheni inayozunguka yenyewe kwenye sailensa itakukata mguu. Skrubu ya H, inayopimia petroli ya mwendo wa kasi, ndiyo ya kuogopwa. Akaikaza kulia kidogo kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, kila mara akiipa moto wote kwa sekunde chache na kusikiliza. Ikiwa hewani, haijagusa mti, inatakiwa iwe na mkoromo kidogo, na mkoromo huo upotee meno yakiingia kwenye mti. Ikipiga ukelele mkali kama filimbi, rudisha kushoto haraka, maana mafuta yamepungua na pistoni inaungua. Nilikaa pale karibu saa nzima nikijifunza sauti hiyo, na hadi leo naiamini kuliko idadi yoyote ya mizunguko.

Mwezi uliopita shemeji yangu aliiazima aende nayo Ifakara, bondeni, kwenye hewa nzito. Nilimfungulia H kushoto kabla hajaondoka, nikamfungia bisibisi mfukoni na kumwelekeza aisikilize upya akifika. Imerudi jana. Nimetoa plagi, ni ya kahawia, rangi ya injini inayochoma vizuri.