Moni oda hazipokelewi tena USCIS, tuwasaidie wazee wetu

Jamani mlioko huku Marekani mnaojiandaa kuomba uraia au kubadilisha grinikadi, hii inawahusu. Tangu 28 Oktoba 2025 USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, hawapokei tena hundi wala moni oda kwa fomu za karatasi, ukituma bahasha na moni oda ndani watakurudishia vyote, labda uwe umepata ruhusa maalum kwa ile fomu G-1651, ambayo ni ya wasio na akaunti benki na wengine wachache wenye sababu nzito.

Mi nawafikiria zaidi wazee, hasa waliotoka Kongo wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania miaka na miaka kabla ya kuletwa huku. Kwao moni oda ndo ilikuwa kitu cha uhakika, unaenda posta na keshi yako, unapewa kile kipande cha risiti unakitunza, bahasha ikipotea una pa kuanzia. Leo anaambiwa aandike namba ya kadi kwenye karatasi aitume kwa posta, na sisi wenyewe ndo tumewaambia kila siku mama usimpe mtu namba ya kadi yako. Lazima aogope, na hana kosa. Mwelezeni taratibu kwamba fomu G-1450 ya kadi USCIS wanaiharibu wakishamaliza nayo.

Na asipotaka kadi ipo G-1650, hiyo wanakata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya hapa Marekani.

Sasa hapa kwenye kadi ndo panaumiza watu. Kadi ikikataa hawajaribu mara ya pili, wanaweza kurudisha maombi yote, na kadi nyingi za debiti zina kiwango cha matumizi kwa siku. Ada ya kuomba uraia kwa karatasi ni dola 760, sasa fikiria hela zipo kwenye akaunti ila benki imezuia kwa sababu mzee hajawahi kulipa kiasi hicho kwa mkupuo! Pigeni simu benki KABLA ya kutuma, waambieni malipo ya serikali yanakuja, na hiyo hela isiguswe mpaka ikatwe maana haikatwi siku ileile ulioposti.

Mtoto anaweza kumlipia mzazi kwa kadi yake, ila anayesaini G-1450 ni mwenye kadi, sio mzazi. Na kadi iwe ya benki ya Marekani, kwa hiyo ndugu aliyeko Dar hawezi kukutolea kwa kadi yake ya huko.

Anayeweza intaneti ajaze huko huko, uraia ni 710, hamsini inabaki mfukoni.

Halafu kuna matapeli. Mtu akikwambia tuma ada kwa Western Union, PayPal au kadi za zawadi, huyo ni mwizi, USCIS hawapokei hela kwa njia hizo kabisa. Wapigieni wazee wenu leo, msingoje Jumapili kanisani.