Tuliacha kutafuta stoo, tukaanzisha daftari

Ukikaa nyumba za kupanga Buguruni, Dar es Salaam, hakuna haja ya kufundishwa kuazima. Vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani: mbuzi ya kukunia nazi ya chumba hiki inakesha chumba kile, kinu ni cha nyumba nzima, na chumvi ikiisha unaita jirani tu. Taabu yetu ilikuwa vitu vikubwa kidogo: ngazi, toroli, sururu, drili ya kutobolea ukuta, sufuria la kupikia kilo kumi za pilau. Vyote vipo mtaani, ila hujui viko kwa nani. Na ukijua, unaona haya kwenda kumwomba mtu ambaye salamu zenu zinaishia barabarani.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Turubai, viti vya plastiki na masufuria ya chama vina utaratibu wake wa siku zote: kukitokea msiba hakuna anayeuliza, vijana wanakwenda kubeba. Sasa kikaoni likaja wazo kwamba na hivi vitu vya watu binafsi tuvikusanye, tukodi fremu ya duka, iwe stoo ya mtaa. Nilipinga, na hata leo ningepinga. Fremu inataka kodi, na mwenye fremu wa Dar hataki ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita mkononi. Stoo inataka mshika ufunguo, na mshika ufunguo hakosi kusemwa. Halafu kitu kikishaitwa cha wote, nani atakitia mafuta? Mzee wetu seremala anaipangusa randa yake kila jioni kwa sababu ni yake.

Nikasema vitu vibaki vilipo, tuandike tu. Nikanunua kaunta buku, nikaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Nilichora safu tatu: kitu gani, kipo kwa nani, na mwenyewe anataka nini. Hii ya tatu ndiyo iliyofungua milango, maana watu wengi si wachoyo, wanaogopa tu jambo moja mahususi. Fundi akasema drili yake itoke, ila kila mtu anunue biti zake, kwa kuwa ndizo zinazokatika. Mama wa maandazi akasema karai lisitoke kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye toroli hakutaka kusikia habari ya zege, kwa sababu zege likigandia ndani hata nyundo haisaidii. Mama mmoja akaniambia bila kupepesa: "Mwanangu, mimi kuazima nitaazima, ila changu kisitoke." Nikasema sawa mama, nikaandika hivyohivyo. Siku hizi ndiye anayejua nani ana nini kuliko hata mimi, na watu wanaanzia kwake kuuliza kabla ya kuja kwenye daftari.

Kundi la WhatsApp tulilijaribu pia. Likajaa picha za maua na "asubuhi njema wapendwa", tukaliacha liendelee na maua yake.

Masharti hayakuwa mengi. Kitu cha umeme kinawashwa mbele ya wote wawili, kikitoka na kikirudi. Ukiharibu unatengeneza, hununui kipya. Sufuria likitoboka lipeleke kwa mafundi wa eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo, wanaziba. Usimpe mwingine ulichoazima bila kumpigia mwenyewe simu. Hili la simu limetuondolea kazi kubwa: ngazi hairudi kwa mwenyewe kila mara, inatoka nyumba hii inakwenda ile, na anayeihitaji ndiye anayeifuata ilipo. Mimi sina kazi ya kudai vitu vya watu.

Masufuria ndiyo yalileta ugomvi. Shughuli ikiisha, uani kuna masufuria kumi yanayofanana, na kila mama anaapa hili ni lake. Rangi ya mafuta tuliipaka chini, lakini moto wa kuni na steelwire haviachi rangi. Fundi akachukua msumari na nyundo, akagonga vitundu vidogo visivyopenya, chini ya ukingo, karibu na sikio la sufuria. Nyumba yetu vitundu vitatu, jirani vinne. Hata usiku ukipitisha kidole unakijua chako.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni magongo. Mtaa wenye bodaboda nyingi haukosi mtu aliyerudi kutoka MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na mguu umefungwa P.O.P., ile plasta ngumu. Ananunua magongo, anatembea nayo miezi miwili au mitatu, akipona anayasukumia uvunguni. Wengine hawataki hata kuyaona, eti yanaita ajali, na imani hiyo imetusaidia sana kuyapata. Tunayo jozi za alumini, zile zenye matundu na kitufe cha kurefusha na kufupisha. Kabla hayajatoka naangalia jambo moja, mpira wa chini. Ukilika upande, gongo linateleza kwenye sakafu yenye maji, na bafu zetu zote zina maji. Nabadilisha mpira, napima kimo cha mgonjwa akiwa amesimama, halafu ndiyo anaondoka.

Desemba ni habari ya sare. Ada kwenye shule za serikali za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare ni ya mzazi. Shati jeupe na sketi au kaptura ya bluu vinafaa shule nyingi za msingi, kwa hiyo vinahama kirahisi kutoka mtoto mmoja kwenda mwingine. Sweta na nembo ndivyo vinavyokwama. Sekondari ni ngumu zaidi, kila shule na rangi yake. Mwanzoni tulitandika jamvi uani tukaweka nguo juu, na hakuna mzazi aliyechukua mbele ya macho ya watu. Tukazihamishia kwa mama fundi cherehani. Anayekwenda kwake anaonekana amekwenda kushonesha, basi. Yeye anageuza kola iliyochakaa, anashusha pindo, analipwa kazi hiyo tu. Mashati huisha kabla ya Krismasi.

Ubishi tulionao sasa unahusu kukodisha kwa watu wa nje. Kuna wanaotaka turubai na viti vyote vilete hela. Viti nakubali. Turubai sikubali: msiba hautoi taarifa, na masika likirudishwa limelowa, likakunjwa hivyohivyo, baada ya siku chache ni ukungu mtupu na harufu haitoki. Kikao kimepitisha viti vikodishwe, hela inunue mipira ya magongo kwanza, itakayobaki iwekwe kwa ajili ya turubai la pili. Kilichobaki ni bei ya kiti kimoja, na hapo mweka hazina na mimi hatujaelewana.